Picha Moja ya Mama

Noela alikuwa amewapiga picha karibu nusu ya watu wa Ifakara: maharusi, watoto wa kipaimara, hata wazee waliotoka Mlimba wakitaka sura zao sebuleni. Mama yake mzazi, Apolonia, aliyeuza samaki Kivukoni tangu enzi za pantoni, kabla ya daraja, hakuwa miongoni mwao. Kila mwaka alikataa bila kutoa sababu. Asubuhi hiyo, bajaji ya kumpeleka hospitali kupasuliwa uvimbe wa tumboni ikiwa imeshafika uani, alikubali.

"Moja tu," alisema.

Noela hakubishana. Ukutani kwake alikuwa amebandika kazi za wapiga picha wa sura aliowastahi kuliko wote. Mmoja alifanya kazi Bamako, mbele ya vitambaa vya maua; filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo alimpanga mteja mpaka vidole, kisha akafyatua mara moja. Mwingine, Mmarekani, aliweka watu mbele ya karatasi nyeupe na kusimama kando ya kamera, ili wamtazame yeye badala ya lenzi. Noela alikuwa amezichunguza picha hizo kwa miaka, kama fundi cherehani anavyochunguza mshono wa mwenzake akitafuta uzi ulipoanzia.

Alitundika kitenge, akaweka kiti karibu na dirisha. Aligeuza kidevu cha mama, akailaza mikono yake juu ya magoti, akarudi kwenye kamera, akaona bega limeshuka, akaenda kulinyanyua. Mkono wa mama ulikuwa wa moto. Yunis, dada mkubwa wa Noela, alisimama mlangoni na mfuko wa nguo, akakumbusha kwamba muuguzi aliwataka wawahi. Nje, Fredy wa bajaji alipiga honi, kisha akaomba radhi kwa sauti.

Mkao ulikuwa sahihi, na usahihi huo ndio uliomtia Noela hofu. Mikono imetulia, kidevu kimenyooka, mtu hasogei. Picha za namna hiyo alikuwa amezikuza nyingi, zikawekwa juu ya majeneza.

Mama naye alijua. "Unanipanga kama nimeshalala kanisani," alisema. "Msalaba mmeshaupaka rangi?"

Yunis alimsihi asiseme hivyo. Mama akamjibu kwamba anayekwenda kupasuliwa ni yeye, atasema anachotaka.

Noela alilenga lenzi kwenye jicho la mama, akasimama kando ya kamera kama yule Mmarekani, waya wa kufyatulia mkononi. Mama alimtazama. Kisha mkao wote ukavunjika: akainama mbele, mkono ukainuka kutoka gotini.

"Mwanangu, mbona unatetemeka?"

Kidole kilibonyeza kabla Noela hajaamua.

Kwenye kioo cha kamera kosa lilionekana wazi. Lenzi ilikuwa imeshika kiti badala ya uso: mbao za mgongo wake zilionekana hadi misumari. Macho ya mama yalikuwa ukungu. Wale wapiga picha wa ukutani wangeitupa. Lakini kuomba ya pili kulikuwa na maana moja tu, kwamba hakutegemea mama arudi, na kila mtu mle chumbani angeielewa. Yunis alimkazia macho, akimtaka aseme imetoka vizuri. Ungekuwa uongo mwepesi. Bila miwani mama asingeona tofauti.

"Haikutoka, mama. Umesogea."

"Basi nikae tena."

Mama kukubali kukaa ndiko Noela alikokuwa akikutaka kwa miaka yote. "Hapana," alisema. "Ukirudi."

Mama alimpima kwa macho. "Nikirudi nitakuwa na kidonda. Nitakaa vibaya."

"Utakaa unavyotaka."

Mama alisimama akishika tumbo, akaomba mtandio wake. Ndani ya bajaji alikaa katikati ya binti zake, akamwambia Fredy apunguze mwendo kwenye mashimo. Yunis alimpa mdogo wake mgongo, akatazama nje. Noela alijiuliza njia nzima kama alikuwa amempa mama sababu ya kurudi, au amejinyima picha ya mwisho ya mama. Kwenye geti la hospitali alishuka wa kwanza, akamnyooshea mama mkono.