Ufunguo wa Choo

Nafasi ilikuwa moja tu: daktari wa akili mjini, na chumba chenye mlango wa kufunga. Wanawake walioitaka pale kambi ya wakimbizi walikuwa arobaini. Mkalimani nilikuwa mimi peke yangu.

Mama Pacha alikuwa na mwaka wa tatu hajalala usingizi wa maana. Siku wenye bunduki walipoingia mtaani kwao, aliwafungia pacha wake ndani wawe salama, akakimbia kumchukua mama yake. Kurudi, nyumba inawaka na ufunguo anao mkononi. Kila akiitwa ofisini, maneno yanamkwama. Nikajifanya mjuaji: "Mama, msimulie mwenzako kwanza, ulimi uzoee."

Mwenzake wa hema tulimwita Redio. Mnajua kwa nini.

Jumatatu Redio akatangulia kwa afisa, yule mgeni aliyekuwa akichagua wa kupewa nafasi. Watoto, moto, mlango, vyote akavifanya vyake. Akalia kwa vituo, kisha akaweka ufunguo mezani. Afisa akafuta miwani, akautia kwenye faili. Nilitafsiri kila neno huku nimejibana mbavu, maana ufunguo ule nilikuwa naujua. Ulikuwa wa choo cha wanawake. Ile kamba nyekundu niliifunga mwenyewe.

Jumanne foleni ya choo ikafika jikoni, watu wanacheza ngoma bila mpigaji. Nilicheka mpaka machozi.

Jumatano akaingia Mama Pacha. Alisimulia akiangalia ukuta, sauti kama ya mtu anayesoma bei za sokoni. Hakulia. Akaweka ufunguo wake mezani, wenye meno yaliyolika kwa kushikwashikwa.

"Hadithi hii si ile ya juzi?" afisa akaniuliza. "Wanafundishana?"

Nikisema kweli, nitaulizwa juzi nilikuwa wapi. Na kibarua nilikuwa nimekipata juzijuzi.

"Inawezekana," nikamjibu.

Akausukuma ule ufunguo kwa kalamu. "Mwambie tunao mwingine. Atoke."

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema uutunze, mama."

"Ameniamini?"

"Kabisa."

Akaufunga kwenye pindo la khanga, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mara ya kwanza namwona anatabasamu.

Nje, Redio alikuwa anafunga mizigo. Mama Pacha akamkumbatia.

"Mwenzangu, na mimi wameniamini. Ukifika nishikie kitanda, ila kiwe karibu na mlango."

Redio akaniangalia. Mimi nikaangalia foleni ya choo.