Majivuno Yahama Ujirani

Katika nchi ya Ugombani, iliyokaa baina ya Mlima Kiburi na Jangwa la Uchovu, watu walipokutana njiani hawakuulizana hali za afya, bali waliulizana hali za kesi. "Shauri lako limefikia wapi, ndugu yangu?" mmoja angeuliza kwa taadhima, na mwenziwe angejibu kwa uso uliojaa bashasha, "Alhamdulillahi, limeahirishwa mpaka baada ya mavuno." Mtu asiye na shauri alionekana mpweke asiye na wa kumjali, na wazee wenye mabinti hawakuipokea posa yake bila ya kumchunguza nasaba yake yote. Jengo la mahakama lilikuwa refu kuliko hospitali, lilikuwa na upepo mzuri kuliko shule, na mkahawa wake ulisifika nchi nzima kwa sambusa za nyama.

Jambo la pili walilolipenda watu hawa lilikuwa michezo ya vyuo vikuu. Vyuo vilijikusanya katika mashirikisho, na kila shirikisho lilikuwa na katiba, ratiba, na fainali zake. La zamani kuliko yote liliitwa Ujirani. Lilikuwa na vyuo saba vilivyokaribiana hata wanamichezo wakaweza kuondoka kwao asubuhi, wakashindana, wakapeana mikono, na wakarudi kula chakula cha jioni kwa mama zao. Shirikisho jingine liliitwa Fahari, na makao yake yalikuwa ng'ambo ya Jangwa la Uchovu, mwendo wa siku nne kwa basi kama basi halikuharibika. Medali za Fahari zilikuwa pana kama visahani vya vikombe vya chai, na kwa sababu hiyo tu watu wazima wenye shahada zao walizitamani mpaka wakakosa usingizi.

Chuo Kikuu cha Majivuno kilikuwa mwanachama wa Ujirani kwa miaka themanini. Mkuu wake alikuwa Profesa Majisifu, mtu mwenye elimu tele na sauti nzuri, ambaye akipewa kipaza sauti hakukirudisha ila kwa kuombwa. Siku ya mahafali, mbele ya wazazi na wahitimu, alisimama akatangaza, "Kuanzia saa hii, Majivuno si wa Ujirani tena. Adhama yetu imewazidi majirani. Sisi ni wa Fahari!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wasichana wa mpira wa wavu watavukaje jangwa siku nne kwenda na nne kurudi, kisha wafanye mtihani Jumatatu. Watu walikuwa wamevaa nguo mpya, na nadhani hawakutaka kuharibu shughuli.

Katiba ya Ujirani ilisema waziwazi kwamba chuo kinachotaka kuhama kitaandika barua, kisha kitangoja jibu. Barua! Karatasi moja na wino kidogo, na mambo yangekwenda kwa salama. Lakini Profesa Majisifu alikuwa amezama katika utamu wa kutangaza hata akasahau kuandika, na alipokumbushwa alisema kwamba mtu wa daraja lake haombi ruhusa kwa majirani.

Mwenyekiti wa Ujirani, Bwana Kingang'anizi, alipopata habari hakupoteza wakati. Aliita kikao, akavaa miwani yake, akasema, "Kwa kuwa Majivuno wametamka kwamba wameondoka, hawana kura wala nafasi katika ratiba yetu. Lakini kwa kuwa hawakuandika barua, bado ni wetu, na hawana ruhusa ya kucheza kwa mtu mwingine." Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuistaajabia hekima hiyo. Jamani, watu wazima sita, wote wana wajukuu, na hakuna aliyecheka. Wakuu wa Fahari nao walipeleka salamu za mapenzi mengi, wakaongeza kwamba hawawezi kumpokea mgeni asiye na barua ya kuagwa.

Basi chuo kikawa hakipo hapa wala kule, na kwa watu wa Ugombani hiyo ilikuwa neema iliyoshuka. Wakaenda mahakamani mbio, kila mmoja akiogopa mwenzake asimtangulie kushitaki. Majivuno walimweka Wakili Mwanya, aliyesifika kwa kuona tundu katika ukuta uliojengwa jana. Ujirani walimweka Wakili Vifungu, aliyeweza kuisoma katiba kutoka mwisho kwenda mwanzo bila ya kupumua. Shauri likaangukia kwa Jaji Ahirisha, mtu mpole na msafi, ambaye katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kumhukumu mtu vibaya kwa sababu hakuwahi kumhukumu mtu.

Siku ya kwanza jaji alitoa zuio. "Kila kitu," alisema, "kibaki kama kilivyo." Mawakili wote wawili wakainama kwa heshima, na nje ya mlango kila mmoja akawaambia wateja wake kwamba wameshinda. Ujirani wakabaki na ratiba isiyo na Majivuno, maana ndivyo ilivyokuwa. Fahari wakabaki wamefunga mlango, maana ndivyo ulivyokuwa. Viwanja vya Majivuno vikaanza kuota majani.

Sasa msomaji ataniuliza jambo hili lilimdhuru nani. Nitamjibu. Palikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, jina lake Juhudi, mkimbiaji wa mizunguko kumi. Sheria ya nchi ilimpa kila mwanafunzi misimu minne ya kukiwakilisha chuo chake, si zaidi, na msimu ulihesabiwa hata kama umeumaliza umelala kitandani. Ni mshindi wa fainali ya shirikisho peke yake aliyeitwa kuiwakilisha Ugombani katika michezo ya mataifa. Mwaka uliopita Juhudi alikuwa wa pili, ameachwa kwa upana wa kifua. Sasa alikuwa katika msimu wa nne. Asipoikimbia fainali ya mwaka huu, hataikimbia fainali tena maisha yake.

Mwalimu wake, Bi Makini, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, alimkimbiza kila asubuhi katika uwanja ulioota majani. Kila asubuhi Juhudi alizidi kuwa mwepesi, na kila asubuhi aliuliza swali lilelile.

"Bibi, siku ya fainali nitasimama kwenye mstari gani?"

"Sijui, mwanangu. Wewe kimbia."

"Nakimbia, lakini nakwenda wapi?"

Bi Makini alipuliza filimbi, na swali hilo lilimuuma kuliko goti lake bovu.

Mwisho Juhudi alikwenda mwenyewe kwa Profesa Majisifu. Profesa alimkaribisha vizuri, akamwonyesha ramani kubwa ya nchi yenye bendera ndogo iliyochomekwa ng'ambo ya jangwa, akasema, "Binti yangu, wewe ni sehemu ya mabadiliko makubwa. Kizazi kijacho kitakimbia katika Fahari, na historia itakukumbuka."

"Shikamoo yangu umeipokea, Profesa, basi na hili lipokee," Juhudi akamwambia. "Mimi sitaki kukumbukwa. Nataka kukimbia. Andika barua, niachiliwe, au omba radhi, nirudishwe. Lolote kati ya hayo unaweza kulimaliza kabla ya chai."

"Nikiandika sasa, itaonekana nimekiri kosa."

"Si ulikosea kweli?"

Profesa akatazama saa yake, akasema ana kikao. Alipotoka hapo, binti huyo alikwenda kwa Bwana Kingang'anizi, akaambiwa kwamba Ujirani unampenda kama mtoto wake wa kumzaa, lakini akiruhusiwa kukimbia, wakili wa Majivuno atasema mahakamani kwamba Ujirani umelegea. Wallahi nikilisimulia jambo hili kichwa huniuma. Kila mtu alimpenda msichana huyu, na hakuna aliyesogeza kidole.

Siku ishirini kabla ya fainali, Juhudi na Bi Makini waliingia mahakamani. Ilipofika zamu ya shauri lao, ambalo kwa kweli halikuwa lao, Juhudi alisimama kwenye benchi la nyuma.

"Mheshimiwa Jaji, naomba kusema."

Jaji Ahirisha alimtazama kwa upole. "Wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi ndiye ninayekimbia."

Wakili Mwanya akaruka juu. "Napinga, Mheshimiwa! Huyu si mhusika. Mhusika ni chuo."

Wakili Vifungu naye akaruka juu. "Namuunga mkono ndugu yangu msomi. Mhusika ni shirikisho. Mkimbiaji hakutajwa popote katika hati."

Katika miezi saba ya shauri lile, hiyo ndiyo siku ya kwanza mawakili hao kukubaliana. Jaji alifurahi mno kwa maelewano hayo, akafungua shajara yake, akapitisha kidole kwenye kurasa. "Mahakama hii haimnyimi mtu haki ya kusikilizwa," alisema. "Kwa hiyo tutapanga siku ya kusikiliza hoja iwapo binti huyu anaweza kusikilizwa. Tarehe ishirini na tisa."

"Mheshimiwa," Juhudi akasema, "tarehe hiyo fainali itakuwa imepita siku tisa."

"Mahakama haifuati kalenda ya viwanja, mwanangu. Kaa chini."

Hakukaa. Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, akalia kwa hasira, huku watu wakimpita na sahani za sambusa. Bi Makini alimshika bega, akawatukana majaji, mawakili, maprofesa na wenyeviti kwa maneno ambayo sitayaandika, ingawa nayaafiki yote.

Fainali ya Ujirani ikakimbiwa tarehe ishirini. Msichana wa chuo kingine alishinda kwa muda ambao Juhudi aliupita kila asubuhi akiwa peke yake kwenye majani.

Tarehe ishirini na tisa mahakama ilijaa. Kabla jaji hajakohoa, Wakili Vifungu alisimama akitabasamu, akaeleza kwamba wiki ile Bwana Kingang'anizi na wenzake wamejitafakari, wamezitazama tena medali za Fahari, na wameona ni busara Ujirani wote, vyuo vyote saba, ujiunge na Fahari kwa pamoja. Fahari wamekubali. Wakili Mwanya akasimama akasema mteja wake hana kinyongo. Profesa Majisifu na Bwana Kingang'anizi wakakumbatiana mbele ya watu, wakapigwa picha.

"Basi ugomvi hakuna," alisema Jaji Ahirisha kwa huzuni kidogo, kwa kuwa alilizoea shauri lile. "Lakini binti yule apewe nafasi yake, maana leo ndiyo siku yake. Una ombi gani?"

Juhudi alipita katikati ya ukumbi, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa jezi iliyofuliwa na kupigwa pasi.

"Sina ombi, Mheshimiwa. Msimu wangu umekwisha na jezi hii si yangu. Nimekuja kuirudisha, ila sijui nimrudishie nani."

Aliiweka mezani, akageuka, akatoka.

"Jezi ni mali ya chuo," alisema Wakili Mwanya.

"Ina nembo ya Ujirani kifuani," alisema Wakili Vifungu. "Ni mali ya shirikisho."

"Shirikisho ambalo halipo?"

"Napinga!"

Jaji Ahirisha alikunjuka uso, akachukua kalamu, akafungua jalada jipya. "Nani aliivaa mara ya mwisho?" aliuliza. "Huyo ndiye mhusika mkuu. Bila yeye hatuwezi kuanza."

Wote wakatazama mlangoni. Karani akatoka shoti na hati ya wito mkononi, mawakili nyuma yake wameshika majoho, Profesa Majisifu nyuma yao akihema. "Binti! Rudi! Unatakiwa!"

Juhudi alikuwa amefika ngazi ya chini. Aligeuka, akawaona, akavua viatu, akavishika mkononi, akakimbia. Akapita soko, akapita uwanja, akapita mti wa mwisho wa mji, jasho likimkauka usoni. Hizo ndizo mbio pekee alizokimbia msimu ule, na hakuna aliyemkaribia.