Ukuta wa Kando ya Ziwa

Tangu asubuhi mshonaji alikuwa hakai akatulia. Anashona mkunjo mmoja, anainuka, anachungulia dirishani. Mvua haikukatika tangu juzi, na ziwa lililo chini ya mtaa lilikuwa limefura. Siku zote maji yake humwagikia baharini kupitia mlango mwembamba, ila leo bahari nayo ilijaa, ikayarudisha. Zamani matete ya kandokando yangeyameza. Sasa palipokuwa na matete pameota nyumba, ya kwanza ikiwa yao: mumewe, fundi mwashi, alifukia kinamasi kwa vifusi, akazungushia ukuta wa mawe uliosifiwa mtaa mzima.

Maji yaliyoshuka kutoka juu yaligonga ukuta ule, yakageukia chumba cha mama mkwe, jirani yao.

Mshonaji akamfuata. Maji yalimfika magotini. Mama mkwe alikuwa kitandani, amekumbatia redio.

"Mama, twende kwetu."

"Mwanangu anizibie njia ya maji, kisha nikajikaushe kwake? Siendi!"

Mshonaji akarudi nyumbani mbio. Mumewe alikuwa akizungukazunguka uani, akiupapasa ukuta kama anayempima mgonjwa homa.

"Uvunje," mkewe akamwambia.

"Nikivunja yatapita ndani mwetu. Na cherehani yako?"

"Cherehani haikukuzaa."

Mkewe akanyakua nyundo. Pigo la kwanza liliteleza, likamchubua vidole. Hapo mumewe akampokonya, akapiga kwa hasira, hujui anamkasirikia nani. Akatoboa upande wa juu, akakimbilia upande wa ziwani, akatoboa na huko. Maji yakafoka, yakakatiza uani, yakaingia sebuleni na kubeba vitambaa vya wateja.

Chumbani kwa mama yalipungua hadi kwenye vifundo vya miguu, yakagoma hapo. Ziwa lilikuwa limeshiba. Fundi akambeba mamaye mgongoni kumpeleka kwao.

"Polepole! Mimi si mfuko wa saruji."

Wakapanda wote juu ya meza ya kukatia nguo. Fundi hakukaa. Alishuka, akapanda, akashuka tena.

"Bahari ikipwa, yatatoka," mkewe akasema.

"Na mvua ijayo?" Akautazama ukuta uliobaki. "Kesho nautoa wote."

"Kesho?" mamaye akauliza. "Leo mikono imekufa?"

Fundi akaokota nyundo, akatoka mvuani. Mkewe akateremka mezani, akamfuata.