Tundu Lililokataa Kuzibwa

Katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la katani, kati ya Ruiru na Thika, hakukuwa na mwanamke bahili wa moto kama Nekoye, mke wa Erastus. Na mwaka huo wa 1955 ubahili wa moto haukuwa aibu. Ilikuwa Hali ya Hatari, msituni hakukanyagiki, na mwanamke aliyeonekana akiokota kuni nje ya mpaka alikuwa anajitafutia risasi. Kila nyumba ilipata debe moja la makaa kwa wiki. Julai nayo, huko, haina huruma. Ukungu huingia ndani bila hodi, hukaa mpaka saa sita, na ukiondoka huyaachia manyunyu zamu.

Lakini Nekoye hakuokoa makaa kwa kutafuta sifa. Julai iliyotangulia, walipokuwa shamba jingine upande wa Thika, binti yake Selpha, wa miaka mitatu, alilala mzima na asubuhi wakamkuta maiti. Watu wote walisema ni baridi. Nekoye aliamini, kwa kuwa asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Sasa alikuwa na Urbanus, mtoto wa miezi saba mwenye kifua kibovu, na alikuwa ameapa kwamba baridi haitamnyang'anya mtoto wa pili.

Basi akaigeukia nyumba. Aliokota nyuzi mbovu za katani zilizotupwa nyuma ya kiwanda, akazichovya katika tope lililochanganywa na jivu na mavi ya ng'ombe, akazishindilia katika kila mwanya kati ya ukuta na mabati. Mlango akaushonea magunia mawili. Jiko akalikandika udongo kwa ndani, likawa linatunza moto nusu siku. Maharagwe yakishachemka kidogo, sufuria ilizikwa ndani ya sanduku la katani kavu, yakajiivia yenyewe bila kaa hata moja. Wanawake wa kambi walimcheka siku mbili. Siku ya tatu walikuja kuuliza sanduku linatengenezwaje.

Likabaki tundu moja, ukuta wa nyuma, karibu na sakafu, kubwa kama mdomo wa sufuria ya uji. Jirani yake Ngendo, mjane wa Kikuyu aliyeishi kambini miaka mingi, alimkuta ameinama hapo na tope mkononi.

"Wee Mama Urbanus, hiyo wacha."

"Kwa nini, mama?"

"Kuna mzee alikufa hapo ndani. Sisi mtu akifia kwa nyumba hatumpitishi mlangoni. Walibomoa hapo wakamtoa, halafu fundi akajenga vibaya. Hiyo ni njia yake. Ukimfungia, atapita wapi?"

"Kwetu mfu na mzima wanapita mlango mmoja," Nekoye akajibu. "Na usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Haiya! Basi ziba," alisema Ngendo, akaenda zake. Methali nzuri ina ubaya wake: anayeisema huwa hasikii kitu kingine.

Nekoye akaziba. Asubuhi alikuta kizibo kiko sakafuni, katikati ya chumba, kizima, hakina hata ufa. Akaziba tena. Siku ya pili yakawa yale yale, na ya tatu pia. Alizunguka nyuma ya nyumba kutazama. Tope lilikuwa laini, limelowa, na halikuwa na alama ya mguu wa mtu wala wa paka. Alimshuku Ngendo, lakini siku ya nne Ngendo alikuwa amepata pasi ya kutoka kambini na kwenda kulala kwa dada yake Ruiru, na kizibo kilitoka vile vile. Kilichomtisha zaidi ni mtoto. Urbanus alikuwa akigeuza shingo, analitazama lile tundu, kisha anacheka, kicheko cha mtoto anayechezewa na mtu amjuaye.

"Yule mzee anamtaka mtoto wangu," alimwambia Erastus.

Erastus hakuwa na muda na wazee waliokufa. Waliokuwa hai kiwandani walimtosha. Aliomba simenti kidogo kwa fundi wa tangi la maji, akaichanganya na kokoto, akalijaza tundu, akalisawazisha kwa kiganja. "Sasa apige hodi mlangoni kama watu wengine, Mama Selpha," alisema. Kambi nzima ilimwita mkewe Mama Urbanus, lakini yeye hakuwahi kubadilisha, na mkewe alimpenda kwa hilo.

Simenti ilikaa. Jumamosi Erastus alirudi kutoka kazini saa nane mchana, amelowa chapachapa, akala, akajitupa kitandani. Nekoye aliliingiza jiko likiwa limekolea, halina moshi hata kidogo, akafunga mlango na kuteremsha magunia. Joto likatulia chumbani. Kwa mara ya kwanza mwezi ule, Urbanus hakukohoa. Nekoye alifurahi hata akacheka peke yake. Alimtazama mtoto usoni, akaona midomo imekuwa myekundu kama ya mtoto aliyekula forosadi. Damu imemrudia, akajisemea. Kichwa chake kilikuwa kizito, akadhani ni uchovu tu.

Ndipo akasikia kugongwa. Ilikuwa chini, palipozibwa kwa simenti, polepole, kwa kiganja kidogo.

Alimkumbatia Urbanus. "Nenda zako, mzee. Huyu si wako."

Kugonga kukaendelea. Kisha sauti ikasema, bila haraka, "Mayi, fungua."

Hakuna mzee wa Kikuyu ambaye angemwita Mayi, mama kwa lugha ya kwao Nekoye. Duniani kote aliwahi kuitwa hivyo na mtoto mmoja tu.

Nekoye hakufikiri. Miguu ilimkataa, akatambaa na mtoto kifuani, akavuta panga chini ya kitanda, akapiga ukuta. Akapiga tena. Simenti haikuwa imeshikana na udongo. Ikang'oka, ikaangukia nje. Upepo wa Julai ukampiga usoni. Akausogeza uso wa Urbanus kwenye tundu, naye akachungulia. Nje hakukuwa na mtu. Kulikuwa na manyunyu na mistari ya katani tu.

Mtoto alikuwa amelegea, hana pumzi. Kisha akakohoa. Kikohozi kile kile alichopigana nacho mwezi mzima, na sasa Nekoye alikililia kwa furaha.

Alijikokota mpaka mlangoni, akayang'oa magunia. Erastus aliamka, akatoka akiyumba, akatapika kizingitini.

"Umeachilia joto lote," alisema, ulimi mzito.

"Erastus. Tulipomkuta Selpha, midomo yake ilikuwa na rangi gani?"

Erastus akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Sema."

"Myekundu. Nilidhani amelala tu."

"Na jiko lilikuwa wapi?"

"Ndani."

"Na ile nyumba, nani aliyeiziba hata hewa ya makaa ikakosa pa kutokea?"

 Erastus alirudi ndani, akalishika jiko kwa mikono mitupu, akalitupa mvuani. Nyuma yake Nekoye alianza kulia, kile kilio ambacho wanawake hulia maiti inapotolewa nyumbani. Ngendo alikuja mbio, akamkuta ameketi topeni na mtoto anayekohoa mapajani. Akamtazama mtoto, akamtazama Erastus, akaona wote wako hai.

"Ngai! Mama Urbanus, ni nani amekufa?"

"Selpha," alisema Nekoye. "Nimemuua mimi."