Kamba Zilizolowekwa

Daraja lilikuwa linalia. Wakati wote wa mvua lilikaa bubu kama jiwe. Leo, asubuhi ya kukaguliwa, kila Siafu alipoweka mguu lilitoa mlio mwembamba, kwii, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Alifika katikati, akapiga magoti pale mti mkubwa ulipofungwa na mti wa kukingama, akajaribu kupenyeza kidole chini ya kamba. Kidole kikapita. Siku walipofunga, hata ukucha haukupata pa kuingia.

Siafu ni jina alilopewa na skauti wenzake, kwa udogo wa umbo lake, na kwa kuwa akishalishika jambo haliachii hata ukimvuta kiwiliwili. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi. Daraja lile la miti ndilo kazi waliyojitolea kuifanyia jamii, kwani asiye na kazi ya namna hiyo hapati beji ya juu kabisa. Lilivuka korongo kutoka mtaani hadi zahanati, ili wajawazito na wagonjwa wasizunguke tena kwa njia ya mbali. Kamishna wa skauti angekuja kulipima kabla ya adhuhuri. Huja mara moja tu kwa mwaka, na mwakani Siafu angekuwa ameshapita umri. Ama leo, ama basi.

Na kosa alilijua. Lilikuwa lake peke yake, halina mbia.

Siku ya kufunga, mwalimu wao wa skauti alikuwa kitandani na homa, akamwachia Siafu usukani. Siafu akaamuru kamba za katani zilowekwe kwenye pipa. Mwenzake mmoja akauliza, "Mbona mwalimu hakusema tuloweke?" Akamjibu, "Baba yangu alikuwa analoweka," na mjadala ukafa hapo hapo, maana nani abishane na mtoto wa marehemu? Baba yake alikuwa fundi wa viti vya kusuka kwa ngozi. Siafu alikua akimwona akitoa mikanda ya ngozi majini, akiivuta kwenye fremu mpaka mishipa ya shingo inamsimama, kisha akikiacha kiti juani. Kikishakauka, ukikigonga kinaita kama ngoma. Loweka, funga, jua litamalizia. Maneno hayo ndiyo urithi wake. Zana zote zilishatawanyika kwa ndugu baada ya mazishi.

Mvua zikanyesha mfululizo, daraja likasimama wima katika sifa. Kisha mvua zikakatika, jua likatoka, na lenyewe halimwonei mtu haya.

"Eeh, kiongozi! Unasali au umeangusha sindano?"

Alikuwa Redio, msaidizi wake, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajui kuzimwa.

"Weka kidole hapa," Siafu akasema.

Redio akaweka. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, betri zikamwishia.

"Ni hii tu?"

"Zote."

"Mama yangu! Tumekwisha. Tumekaangwa na mafuta yetu wenyewe."

"Usipige kelele."

"Sipigi kelele. Nanong'ona kwa nguvu." Akajikuna kichwa, akalitazama anga lililotakata. "Subiri. Kwenye mvua zilikaza, si ndiyo? Basi tuzinyeshee mvua yetu. Kamishna apite, apige saluti, abandike beji, aende zake. Akishaondoka tunafungua, tunafunga upya. Nani atajua?"

Siafu alitaka kumwambia ni nani asiyefichwa kitu. Jina la Mola lilimfika kwenye koo, likakaa hapo. Badala yake kinywa chake kikasema, "Lete ndoo."

Walimwagilia fundo kwa fundo. Kamba zikanywa kama wasafiri waliotoka mbali, zikavimba, zikauma miti. Kilio kikakoma. Siafu akavuka, akarudi. Hakikusikika hata kijimlio. Ukimya huo ulimtia hofu kuliko kilio, maana mgonjwa aliyekuwa akigumia akinyamaza ghafla, huulizi kama amepona.

Kamishna alifika na mwalimu wa skauti, ambaye homa ilimwacha na shingo nyembamba ndani ya skafu. Kamishna alikuwa mtu wa tumbo la heshima na viatu vya kujitazamia. Alilishika daraja akalitikisa. Akapanda, akarukaruka, akina mama waliokusanyika wakacheka vicheko vya chini chini.

"Likinibeba mimi, limebeba mtaa mzima," akasema, naye akacheka. Kisha akajitazama viganja. "Mbona limelowa? Mvua si zimekwisha?"

"Tumeliosha, mkuu," Siafu akajibu.

Halikuwa jambo lisilotokea, maana maji yalimwagwa kweli. Ulikuwa uongo uliovaa sare. Mwalimu alimtazama kwa fahari, na fahari ile ikamchoma kama pasi. Jua lilikuwa limeshapanda. Miti ilianza kufuka mvuke mwepesi, na zile kamba za upande wa zahanati, zinazopata jua mapema, zilikuwa zimerudia weupe wake.

Kamishna akatia mkono mfukoni, akatoa beji. Ilikuwa ndogo kuliko ilivyokuwa kwenye ndoto.

"Kuanzia sasa daraja ni la watu," akatangaza. "Avuke anayetaka."

"Mimi kwanza!" sauti ikatoka ng'ambo. "Nipisheni jamani, mimi ndiye mama yake!"

Alikuwa mama yake kweli, mpishi wa zahanati, aproni kiunoni, mwiko bado mkononi kwa haraka ya kuja kushuhudia. Watu wakampisha. Akasema bismillahi, akaweka mguu wa kwanza. Akaweka wa pili.

Kwii.

Pengine hakuna mwingine aliyeusikia. Siafu aliusikia kwenye meno.

"Mama! Usipite! Rudi nyuma!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Rudi, Mama, nakuomba! Kamba zimelegea. Niliziloweka mimi."

Mama akarudi kinyumenyume mpaka kwenye udongo. Siafu hakuthubutu kumtazama mwalimu wala mkono wa Kamishna. Alimtazama mama yake, korongo likiwa kati yao.

"Uliloweka katani?" mama akauliza.

"Kama Baba."

Mama aliushusha mwiko. Aliposema, hakupaza sauti, lakini maneno yalivuka yenyewe bila daraja. "Baba yako aliloweka ngozi, mwanangu. Kamba ya katani hulegea ikikauka, ndiyo maana siku zote aliianika kwanza."

Alilisema hilo kama anayemfunga mtoto kifungo cha shati kabla hajatoka nje. Machozi yakamjaa Siafu. Miaka yote alidhani ameshika mkono wa baba yake, kumbe alishika nusu ya kidole.

Kamishna alikohoa. "Na maji ya leo?"

"Yalikuwa ya kukudanganya, mkuu."

"Wazo lilikuwa langu," Redio akadakia.

"Ndoo niliagiza mimi."

Kamishna aliigeuza beji kiganjani kama mtu anayepima embe sokoni. Akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Alitazama saa, kisha jua, kisha akatafuta jiwe lisilo na tope, akaketi.

"Fundo lililolowa ni kaidi," alisema. "Fungueni."

Walifungua kwa kucha, kwa vijiti, Redio kwa meno, akilalamika kwamba katani ina ladha ya dhambi zake. Mwalimu alivua skafu, akaingia kazini. Mama naye, ng'ambo, alizipokea ncha, akazivuta kamba moja moja, akazitandaza juu ya majani kama nguo za mtoto mchanga. Wagonjwa waliofika wakaelekezwa njia ya mbali. Wengine walinung'unika, na manung'uniko yao Siafu aliyapokea yote.

Miti ilipobaki mitupu, hapakuwa na la kufanya ila kungoja kamba zikauke, ndipo wafunge upya. Siafu akaokota kamba iliyokuwa karibu naye, akaiweka shavuni, kama alivyomwona baba yake akiipima ngozi.

"Vipi?" Kamishna akauliza kutoka kwenye jiwe lake.

Siafu akasikiliza kwa ngozi ya uso, macho ameyafumba. Ndani kabisa ya nyuzi kulikuwa na ubaridi mdogo, kama wa kisima.

"Bado," akasema.