Vijiti Katika Shamba la Maman Emérence

Elysée alikuwa bingwa wa kusifu. Kwenye karakana ya ubunifu alikofanya utafiti, kule Nguba, waliamini kwamba ukitaka mtu akufungulie moyo, anza na sifa. Basi kila alipopanda kilima cha Ciriri kwa maman Emérence, alianza na sungura: huyu Bijou amenona jamani, manyoya yanang'aa, anakula vizuri? Akambeba, akampima uzito, akamvisha mkanda wenye kifaa cha kusoma mapigo ya moyo. Kisha akahamia shambani. Udongo mweusi namna hii mjini Bukavu, alisema, ni hazina. Akachota kidogo, akautia kwenye mfuko, akasimika vijiti vya kupima unyevu kila pembe, vyenye utepe mwekundu ili visipotee kwenye maharagwe.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa maana. Walitaka kutengeneza chombo cha kumwambia mwenye nyumba kama mnyama wake ana raha, na kama samadi yake inaurutubisha udongo. Maman Emérence alikuwa mjane. Bijou alilala jikoni kwake, karibu na mbabula, jiko lake la makaa, na ndiye aliyekuwa akizungumza naye jioni. Mavi yake yalilisha shamba, shamba likamlisha mama. Shamba hilo aliachiwa na marehemu mumewe, na mashemeji walishajaribu kumnyang'anya. Haya yote Elysée aliambiwa. Aliyarekodi kwenye simu, akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akaenda zake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakumjua Elysée.

Jumamosi moja alikuta chakula tayari: ugali, sombe ya majani ya muhogo, na nyama yenye mchuzi mzito. Kile kilima kilikuwa kimempa njaa. Alikula akafyonza mifupa, akasifu na mchuzi. Mama mwenyewe alikula sombe tu, na mtafiti wetu, mwenye maswali yote ya dunia, hakumuuliza kwa nini. Alipokwisha kunawa akaomba aletewe Bijou amvue mkanda.

Maman Emérence akafungua fundo la kitenge chake, akautoa mkanda. Alikuwa ameshauosha.

"Bijou njo ile nyama umekula," alisema. "Ulikuwa unamusifu kila siku. Kwetu, mutu akisifu kintu sana, iko anakiomba."

Elysée akaanza kueleza kwamba ile ilikuwa njia ya kazi tu, lakini mama alikuwa hajamaliza. Alikuwa anautazama utepe mwekundu kule shambani.

"Papa Ingénieur, udongo pia uliusifu. Na ulipanda bijiti mu pembe zote, sawa vile batu banapimaka parcelle, shamba ya mutu, ya kuchukua. Nakuomba. Sungura umekula, shamba uniachiye."

Elysée aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu aone mikono yake ni michafu na ndiyo kwanza ameinawa. Akashuka shambani, akang'oa kijiti kimoja kimoja mbele ya macho ya mama, akamwambia shamba ni lake na hakuna aliyemtuma kulichukua.

Maman Emérence akamshukuru kwa mikono miwili, kama anayemshukuru mtu aliyemsamehe. Akaingia jikoni, akarudi na paja lililobaki, amelifunga kwenye jani la mgomba, aende nalo nyumbani. Kulikataa kungekuwa kumwambia kwamba sungura hajamtosha, bado anataka shamba. Elysée akalipokea.