Punje Kwenye Jicho la Baba

"Fungua mkono."

"Sifungui."

"Baba, fungua mkono nione umeshika nini."

Tulikuwa stendi ya Katesh, basi la kwenda hospitali linajaza abiria, na mzee wangu Hhando ameficha vidonge vya minyoo kama mtoto aliyeiba sukari. Ndani ya jicho lake la kushoto kulikuwa na mnyoo. Daktari Rahel alinionyesha kwenye skrini: kifuko cheupe, kinacheza. Alisema utolewe kwa upasuaji ukiwa hai, maana ukifia humo jicho linavimba na kuharibika. Dawa ya minyoo asiguse kabisa. Alirudia mara tatu.

"Mnyoo ni mnyoo," baba akasema. "Unameza dawa, unatoka chini. Nikatwe jicho kwa nini?"

"Utatoka chini kwa njia gani? Jicho lina mlango wa kwenda tumboni?"

"Na yule binti alisema nimekula mavi."

Hapo ndipo penyewe. Rahel alimweleza kwamba mayai ya mnyoo huo yanatoka kwenye choo cha mtu, yanaingia kwa mikono isiyooshwa. Tangu siku hiyo hataki hata kusikia jina lake.

Mimi niliishia darasa la sita, maneno matamu sina. Lakini nguruwe, hata wale wanaozurura na kula vyooni, tunawajua. Pale kijijini kwetu Mogitu hanunuliwi nguruwe bila baba kuitwa. Anamlaza, anambana fimbo mdomoni, anavuta ulimi, anaupapasa. Akikuta punje kama za mchele, vifuko vya mnyoo huohuo, anasema tu, "Huyu anazo." Halafu anafuta mkono kwenye suruali, anakaa kula ugali. Miaka thelathini.

"Punje ikifia kwenye ulimi inakuwaje?" nikamuuliza.

Konda anagonga bodi, anatuita.

"Inavimba. Nyama ya pembeni yote inaharibika."

"Haya sasa."

Akafungua mkono. Karatasi ya vidonge ilikuwa na matundu mawili matupu.

"Lini?"

"Asubuhi. Na chai."

Mnyoo waliutoa, umekufa. Mwanga wa jicho hilo haukurudi.

Ni mwaka wa pili sasa, na bado nikikumbuka ile chai nakasirika. Juzi jirani yetu Lameck alimwita aje kumpimia nguruwe. Baba akapapasa ulimi, akasema anazo. Nikamsogezea ndoo ya maji na sabuni.

Akaniangalia kwa jicho moja.

"Yule binti amekutuma?"

"Hapana, baba."

Akanawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, akakung'uta maji, akageuka akaenda zake.